Tumpime Bibi kwa Kipimo Kinachomwona

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wahudumu wa afya, wanafunzi, na nyinyi mama zetu na bibi zetu mliokubali kuja kukaa nasi mchana huu: shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupima shughuli za mwili kwa wanawake wazee. Nianze na jibu ambalo kila aliyewahi kushika dodoso mbele ya mwanamke mwenye umri mkubwa amelisikia. Unamuuliza, "Mama, wiki iliyopita ulifanya mazoezi gani?" Naye anakujibu, "Mazoezi yapi tena, mwanangu? Mimi nipo tu nyumbani." Unaandika sifuri, unafungua ukurasa unaofuata. Wakati huo yeye ameshainuka mara mbili tangu ufike: mara ya kwanza kukusogezea kiti, mara ya pili kumnyanyua mjukuu aliyejikwaa mlangoni.

Sifuri ile tumeitengeneza sisi. Imetokana na maswali tuliyochagua kuuliza, na vifaa tulivyochagua kuvifunga, na mipaka tuliyoichora tukiwa tunawaangalia watu wengine kabisa. Nitatumia muda wangu kueleza ilivyotengenezwa, na nini kilionekana pale watafiti walipoamua kuwapima wanawake hawa kama walivyo.

Elimu ya kuhusisha mwendo na afya, kwa sura yake ya kisasa, ilianza na wanaume. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva walishinda kwenye usukani. Makondakta walishinda wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Ugonjwa wa mishipa ya moyo uliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva. Ilikuwa kazi kubwa, na sisi tunaoshughulika na mambo haya tumejengea juu yake hadi leo. Lakini waliochunguzwa walikuwa wanaume wa miaka 35 hadi 64, na kipimo cha mwendo wao kilikuwa aina ya ajira. Mwanamke wa miaka 75 asiye na ajira hana mlango wa kuingilia katika kipimo cha namna hiyo.

Kisha kikaja kizio tunachokitumia kila siku, MET. MET 1 ni nguvu anayotumia mtu aliyekaa ametulia, na kwa makubaliano imewekwa kuwa mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Kutoka hapo tukapanga madaraja: shughuli ya MET 3 hadi chini ya 6 tunaiita ya wastani, 6 na kuendelea ni ya nguvu, na iliyo chini ya 3 ni nyepesi. Sasa, namba ile ya 3.5 haiwafai wazee. Mwili unavyozeeka misuli hupungua, na matumizi ya oksijeni mtu akiwa ametulia hushuka. Ndiyo maana mwaka 2024 ilipotolewa orodha maalumu ya shughuli kwa watu wa miaka 60 na zaidi, walioiandaa walitumia mililita 2.7 badala ya 3.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiisoma kwenye karatasi. Lakini ina maana kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tunagawanya kila jitihada ya mzee kwa namba kubwa kuliko mwili wake, kisha tunasema jitihada yenyewe ni ndogo.

Liko jambo zito zaidi ya hilo. Tuseme mama mmoja, uwezo wake wote, akijitutumua mpaka mwisho, unafika MET 4. Kwa mwanamke wa miaka 80 aliyedhoofika hili si jambo la ajabu. Akitembea mwendo wa MET 3, ametumia robo tatu ya uwezo wote alio nao. Anahema, jasho linamtoka, hawezi kuzungumza sentensi nzima. Kijana mwenye uwezo wa MET 12 akitembea naye sambamba ametumia robo tu, na anaweza hata kuimba. Jedwali letu linawaandikia wote wawili neno lilelile, "wastani". Mama yuleyule akifanya kazi ya MET 2.5 jedwali litasema "nyepesi", ilhali amefika zaidi ya nusu ya nguvu zake. Nawasihi wanafunzi mliopo hapa: mnapoandika kwamba wanawake wazee "hufanya shughuli nyepesi tu", mjiulize nyepesi kwa nani. Kuna njia rahisi za kumuuliza mwenyewe. Kipimo cha Borg, kinachoanzia 6 na kuishia 20, kinamwomba mtu aseme anavyoiona jitihada yake. Hata swali la kama anaweza kuzungumza huku akitembea linatosha kukupa mwanga.

Nirudi kwenye dodoso, maana bado ndilo linalotumika zaidi, kwa kuwa ni nafuu na halihitaji umeme. Madodoso mengi maarufu yalitungwa kwa watu wazima walio katika umri wa kazi. IPAQ, kwa mfano, iliandaliwa kwa watu wa miaka 15 hadi 69. Linauliza shughuli zilizodumu angalau dakika 10 mfululizo. Sasa angalieni siku ya mwanamke mzee ilivyo. Anafagia dakika nne, anapumzika. Anakwenda kuangalia kitu jikoni, anarudi. Anapanda ngazi kumi na mbili, anashika ukuta, anashuka. Hakuna hata kipande kimoja kinachofika dakika 10, hivyo vyote vinaanguka chini ya meza. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliondoa sharti la dakika 10 lililokuwamo katika mwongozo wa 2010, na kusema kila dakika ina faida. Mwongozo umebadilika, madodoso mengi bado hayajabadilika.

Kuna pia suala la kumbukumbu, na hapa nisieleweke vibaya. Sisemi wazee wanasahau. Mtu yeyote, wa umri wowote, hukumbuka kwa urahisi jambo alilolipangia wakati na kulivalia viatu: darasa la mazoezi, matembezi ya jioni na jirani. Mambo yaliyotawanyika katika siku nzima, yasiyo na mwanzo wala mwisho, hayakai kichwani mwa mtu yeyote. Na maisha ya mwanamke mzee yamejaa hayo. Kwa hiyo dodoso hukosea kwa njia mbili kwa wakati mmoja: linakuza yale ya kukusudia na kuyapoteza yale ya kila siku.

Kwa haki, wako waliolitambua hili mapema. Mwaka 1993 yalitoka madodoso mawili yaliyotungwa kwa ajili ya wazee: PASE, na lile la Yale. PASE linauliza siku saba zilizopita, na pamoja na matembezi na michezo linauliza kazi nyepesi za nyumbani, kazi nzito za nyumbani, bustani, na swali moja ambalo ninalipenda sana: je, ulikuwa unamhudumia mtu mwingine? Mtoto, au mume mgonjwa, au mtu mzima mwingine anayekutegemea. Swali hilo moja linamwondoa mama kwenye "nipo tu nyumbani". Ukimuuliza kama alifanya mazoezi, atasema hapana. Ukimuuliza nani alimgeuza mzee kitandani usiku, nani alimwosha, nani alimshika mkono kwenda msalani, atakusimulia mpaka karatasi iishe.

Sasa tuje kwenye vifaa, kwa sababu watu wengi wanadhani kifaa hakidanganyi.

Kifaa cha zamani ni kipimahatua cha springi, kinachobanwa kiunoni. Mguu ukikanyaga, mwili unatikisika, mkono mdogo ndani yake unapiga, hatua moja inahesabiwa. Kinafanya kazi vizuri kwa mtu anayetembea kwa kishindo. Kwa anayetembea taratibu, hasa chini ya kilomita 3 kwa saa, mtikisiko hautoshi na hatua nyingi hazihesabiwi. Kwa anayeburuza miguu, vivyo hivyo. Na kwa mwanamke mwenye tumbo kubwa kifaa hulala pembe badala ya kusimama wima, na kikilala hesabu inapungua tena. Tena kibanio chake kinataka mkanda wa suruali au sketi. Mwenye gauni anakibana wapi? Jambo dogo kama hilo la nguo linaweza kuharibu utafiti mzima, na halimo katika maelekezo ya mtengenezaji.

Baada yake ikaja akselerometa. Hiki ni kidude chepesi, hakizidi ukubwa wa kiberiti, kinachofungwa kwa mkanda wa mpira juu ya nyonga na kurekodi mtikisiko wa mwili katika pande tatu, mara nyingi kwa kila sekunde. Baadaye kompyuta inajumlisha mitikisiko hiyo kuwa namba, ambazo kwa kawaida huitwa kaunti. Kaunti yenyewe haina maana yoyote ya kiafya. Lazima mtu aseme: kuanzia kaunti hizi, tunaita mwendo wa wastani. Mpaka uliotumiwa kuliko yote kwa miaka mingi, kaunti 1,952 kwa dakika, ulitokana na kazi ya mwaka 1998 iliyowapima vijana 50, nusu wanaume na nusu wanawake, wakitembea na kukimbia kwenye mashine ya kukimbilia. Wanawake walikuwamo, nashukuru. Bibi hakuwamo, na wala kazi moja anayoifanya bibi haikuwamo.

Hebu tuutazame kwa karibu mkanda huo ukiwa kiunoni mwa mwanamke wa miaka 78. Ni mfano nimeutunga, lakini kila aliyefungua faili za data hizi atautambua. Asubuhi saa kumi na mbili u nusu mstari wa kaunti zake kwenye kompyuta unapanda kidogo: ametoka kitandani, amekwenda kunawa. Unashuka. Saa mbili unapandapanda, vilima vifupi vifupi vya dakika mbili tatu: anafagia, anainama, anasimama. Saa tatu mstari unalala chini kabisa, na unabaki chini kwa dakika arobaini. Ukiwa ofisini mbele ya kompyuta utasema amekaa, anapumzika. Kumbe amekaa kweli, kwenye kigoda, na mbele yake kuna beseni la nguo. Mabega yanafanya kazi, mikono inasugua na kukamua, mgongo umejikaza. Nyonga imetulia, na mkanda upo kwenye nyonga. Saa nne mstari unapanda kwa taratibu mno: amebeba ndoo ya nguo zilizofuliwa kwenda kuzianika. Kwa kuwa amebeba mzigo anatembea polepole, na kwa kuwa anatembea polepole kifaa kinaona kazi ndogo kuliko angekwenda mikono mitupu. Uzito wa ndoo hauonekani popote. Saa nane mchana mstari unakuwa sifuri tupu kwa dakika tisini na tano.

Hapo kwenye sifuri tupu ndipo penye mtego ninaotaka mwuone. Programu za kuchambua data zina kanuni ya kutambua muda ambao kifaa hakikuvaliwa: sifuri mfululizo kwa dakika 60, au 90 kwa kanuni nyingine, zinahesabiwa kuwa mkanda ulivuliwa. Kijana hawezi kutulia hivyo akiwa macho. Mwanamke mzee aliyejilaza kidogo, au aliyekaa kimya akisoma, anaweza. Kanuni inafuta saa yake ya kukaa kana kwamba haikuwepo. Kisha inakuja kanuni ya pili: siku isiyo na saa 10 za kuvaa haihesabiki, na mtu asiye na siku 4 za namna hiyo anaondolewa. Nani anaondolewa? Mdhaifu zaidi, anayelala mchana, anayechelewa kuamka, aliyevua mkanda kwa sababu unamuumiza ngozi na hakuwa na mtu wa kumfunga tena. Wanabaki wenye nguvu, tunakokotoa wastani wao, na tunauita wastani wa wanawake wazee.

Ukihamishia kifaa kwenye kifundo cha mkono, kazi ya kufua utaiona, lakini mama anayesukuma kitembezi au kushika fimbo mkono wake hautikisiki, na hatua zake zinapotea. Ukikibandika kwenye paja utajua kwa uhakika amekaa au amesimama, jambo ambalo mkanda wa nyonga haulijui vizuri, kwa sababu kusimama wima bila kusogea na kukaa vinafanana machoni pake. Hakuna mahali mwilini panapoona yote. Hata maji yaliyotiwa alama, ambayo mtu hunywa kisha mkojo wake ukapimwa kwa wiki moja au mbili, na ndiyo njia inayoaminika kuliko zote kwa kujua nguvu iliyotumika, yanakupa jumla tu. Hayakuambii kama nguvu hiyo iliishia kwenye ngazi, kwenye beseni au kwenye bustani.

Je, tukate tamaa na vifaa? Hapana. Nataka sasa niwaeleze kazi mbili zilizonipa moyo.

Ya kwanza inaitwa OPACH. Ilichipuka ndani ya utafiti mkubwa wa afya ya wanawake wa Marekani, Women's Health Initiative, ulioanza kuandikisha washiriki mwaka 1993. Miaka ilipopita na wanawake wale wakazeeka, watafiti waliwafungia akselerometa maelfu kati yao, wenye umri wa miaka 63 hadi 99. Karibu nusu walikuwa weupe, theluthi moja weusi, na waliobaki wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ninachokiheshimu zaidi ni walichofanya pembeni ya kazi hiyo. Hawakuazima mpaka wa vijana. Waliwachukua wanawake 200 wa miaka 60 hadi 91, wakawavisha kifaa cha kupima pumzi pamoja na akselerometa, wakawaomba wafanye kazi za kawaida: kuosha vyombo, kushughulikia nguo, kusafisha sakafu, kutembea kwa kasi ndogo ndogo. Mipaka ya OPACH ilitoka katika miili hiyo. Na shughuli nyepesi hawakuifunga fungu moja. Waliigawa mara mbili, ya chini na ya juu, kwa kuwa ndimo siku ya mwanamke mzee inamopita.

Matokeo yakaja. Katika ripoti iliyotoka mwaka 2019, wakiwachambua wanawake wapatao 5,900 ambao wastani wa umri wao ulizidi miaka 78, robo ya wanawake wenye shughuli nyepesi nyingi zaidi ilikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo au kifo cha ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo pungufu kwa 42% ikilinganishwa na robo ya wenye shughuli nyepesi chache zaidi. Nyepesi, ndugu zangu. Kufagia, kukunja nguo, kutembea taratibu kutoka chumba hadi chumba. Mambo yaleyale ambayo dodoso lilikuwa limeyaandikia sifuri.

Kazi ya pili iliongozwa na I-Min Lee wa Harvard na ikachapishwa mwaka 2019. Wanawake 16,741, wastani wa umri miaka 72, walivaa akselerometa kiunoni kwa siku saba, kisha wakafuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka minne. Robo iliyotembea kidogo kuliko wote ilikuwa na hatua zipatazo 2,700 kwa siku. Robo iliyofuata, yenye hatua zipatazo 4,400, vifo vyake katika kipindi hicho vilikuwa pungufu kwa 41%. Faida ikaendelea kuongezeka mpaka karibu hatua 7,500, kisha mstari ukalala. Na baada ya kuzingatia idadi ya hatua, kasi ya kutembea haikuonyesha tofauti ya wazi. Anayekwenda polepole akifikisha hatua zake hakuachwa nyuma.

Sasa linganisheni na ile namba ambayo kila saa janja na kila simu inatuimbia: hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilipata umaarufu kwa kipimahatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, na jina la kifaa chenyewe lilikuwa na hizo hatua 10,000 ndani yake. Ni lengo zuri kwa anayeliweza. Lakini mara ngapi tumemwona mama akitazama saa aliyoletewa na mwanawe, imeandika 3,900, akaivua na kuiweka kabatini kwa kuona ameshindwa? Mama huyo alikuwa amekaribia hatua 4,400. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba mia tano zaidi zina thamani kubwa mno, na kwamba zinapatikana kwa kuzunguka nyumba dakika tano sita.

Lazima niseme pia mipaka ya kazi hizi, kwa sababu natamani mziamini kwa kiasi kinachostahili. Wanawake wa utafiti wa Lee walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wauguzi, na walio wengi weupe. Maisha yao hayafanani na ya kila mwanamke duniani. Na tafiti zote mbili ni za kufuatilia. Mtu mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, na hufa mapema kwa sababu hiyohiyo, hivyo hatua chache zinaweza kuwa dalili badala ya chanzo. Watafiti walijaribu kulidhibiti hili, kwa mfano kwa kuzingatia magonjwa waliyokuwa nayo na kuondoa vifo vya mwanzoni, na uhusiano ukabaki. Hilo linatupa imani, halitupi uhakika kamili.

Kuna eneo zima ambalo hakuna mkanda wala saa inayoligusa, nalo ni nguvu na mizani ya mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi yanayochanganya nguvu na mizani angalau siku tatu kwa wiki, ili kuzuia kuanguka. Mwanamke anayeshika meza na kusimama kwa mguu mmoja anafanya kazi ya maana kwa mifupa na maisha yake, na akselerometa inaandika kwamba amesimama tu. Hapa inabidi kupima uwezo kwa kumtazama kwa macho. Jaribio ninalolipendekeza kila mahali ni la kiti. Kiti kisicho na mikono, urefu wa sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mama anakaa katikati yake, miguu imekanyaga vizuri, mikono imekunjwa kifuani. Unasema anza, na anasimama wima na kukaa, anasimama na kukaa, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 75 hadi 79, kusimama chini ya mara 10 ni ishara kwamba yuko katika hatari zaidi ya kuanguka. Simama karibu naye. Akishindwa kusimama bila kujishikiza mikono, unaandika sifuri, na sifuri hii ni ya kweli, inayokwambia aanzie wapi.

Msichanganye vitu hivi viwili, lakini. Jaribio la kiti linasema anachoweza. Mkanda unasema anachofanya. Wapo mama wenye uwezo mkubwa wanaoshinda wamekaa kwa sababu watoto wao kwa upendo wamewakataza kugusa kazi. Wapo wenye uwezo mdogo wanaofanya kazi kupita kiasi kwa kuwa hakuna mwingine wa kuifanya. Ukipima kimoja tu utamshauri vibaya mmoja wao.

Neno fupi kwa mnaotumia saa zinazopima mapigo ya moyo. Kama mama anatumia dawa za presha za kundi la beta-bloka, moyo wake hauwezi kupanda kama saa inavyotarajia. Anaweza kuwa amechoka kabisa na saa ikaendelea kumwambia aongeze bidii. Asiifuate. Afuate pumzi yake.

Ninayo maombi kwa mnaobuni tafiti na kwa mnaoziendesha. Mkipanga kuwafunga wanawake wazee kifaa, kwanza kaeni nao muulizane wanavaa nini, wanaoga saa ngapi, nani atawasaidia kufunga mkanda usiku. Wapeni karatasi ya kuandika wamelala saa ngapi na wameamka saa ngapi, ili programu isiwafutie usingizi wao wa mchana. Andikeni wazi katika ripoti ni mipaka ya kaunti ipi mmetumia na ilitoka kwa watu wa umri gani. Pamoja na kifaa, ulizeni juu ya kubeba, kufua, kunyanyua na kuhudumia. Na mkimwondoa mtu kwa kukosa siku za kutosha, semeni ni nani huyo na hali yake ikoje.

Na mkimaliza, mrudishieni majibu yake. Ametembea na mkanda wenu siku saba, amelala nao, umemwacha na alama kiunoni. Asipewe barua ya pongezi pekee. Kaeni naye mbele ya ule mstari wa siku yake, mwonyesheni: hapa ulikuwa unafagia, hapa ulikuwa na mjukuu, hapa sisi hatukuweza kuona ulichokuwa unafanya, tueleze. Muwe na kalamu mkononi, maana atakayoyasema hapo ndiyo yaingie katika dodoso la awamu inayofuata.

Ninaona mama mmoja nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja beseni. Tafadhali, mpeni kipaza sauti.